Mistari Mingapi

Binti yangu anataka kuchora tatuu. Ana miaka 22, kwa hiyo hapa "anataka" si kuomba ruhusa, ni kunipa taarifa. Nami siku hii nilikuwa nimeisubiri na silaha zangu zote: nani atakuajiri, dini inasemaje, hizo sindano ni safi kweli, na ile ya mwisho ambayo kila mzazi anayo, utakuja kujuta. Hakunipa nafasi ya kutoa hata moja. Alisema, "Baba, nataka ile ya bibi yako, ya shavuni. Niichore hapa." Akanionyesha upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko. "Una picha yake?"

Sina. Na nikisema sina, msomaji, usidhani iliungua au iliibiwa. Nitaeleza.

Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa kwenye uwanda wa juu wa Newala miaka ya 1930, Mmakonde kwa baba na kwa mama. Usoni alikuwa na nembo. Kwenye paji la uso, katikati ya nyusi na mashavuni alichanjwa mistari iliyopinda-pinda kama meno ya msumeno, mmoja chini ya mwingine, ikasuguliwa masizi ya mbarika mpaka weusi wenye ubuluu ukabaki ndani ya ngozi. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu. Alipokuwa mwanamwali tundu hilo lilikaa ndonya, kipande cha mpingo cha mviringo, na kadiri tundu lilivyopanuka ndivyo ndonya ilivyobadilishwa ikawekwa kubwa zaidi. Mimi sikuwahi kuiona mdomoni mwake. Alipohamia kwetu Mbagala, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa ameshaivua siku nyingi, mdomo umelegea kidogo, na tundu lilionekana akicheka. Kwa hiyo alicheka huku ameziba mdomo kwa pindo la khanga. Watu wa mtaani walidhani ni haya za kike tu.

Hebu nisimame kidogo kwenye hilo neno. Leo ukimtajia kijana "nembo" atafikiria nembo ya taifa, nembo ya timu, nembo ya kampuni ya simu. Fungua kamusi za zamani utakuta maana nyingine imetangulia: alama ya kabila inayochanjwa mwilini. Lugha imekichukua kitu usoni kwa bibi zetu, ikakibandika juu ya barua za serikali, na hakuna aliyeshtuka. Kitenzi nacho kina mambo yake. Bibi alichanjwa. Nami nilichanjwa, nikiwa mchanga, chanjo ya kifua kikuu, nikaachiwa kovu begani ambalo ninalo mpaka leo. Kovu la Wakenya liko mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na wanataniana nalo: ukitaka kumjua Mkenya mwenzio ugenini, mwangalie mkono. Yaani ipo alama ya kitaifa, inasomeka kwenye ngozi, hakuna aliyeulizwa kama anaitaka, na hatuiiti ushenzi.

Sisemi hivi kuikejeli chanjo. Binti yangu nilimpeleka kliniki mwenyewe. Nasema kwa sababu maongezi yetu juu ya miili huwa yanaanza na uongo mdogo: kwamba upo mwili wa asili, ulioachwa kama Mungu alivyouumba, halafu wapo watu wachache waliouharibu wa kwao. Hivi huo mwili wa asili uko wapi? Mtoto wa kike wa pwani hutogwa masikio kabla hajajua kukaa. Wa kiume hutahiriwa. Kipini cha puani, Lamu au Unguja, ni pambo la mwanamke mwenye heshima zake. Kipini hichohicho kikihamia kwa binti wa chuo Dodoma kinakuwa dalili ya uhuni. Dini zimejaribu kuweka mpaka, na sizibezi. Hadithi za Mtume zinamlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa, pamoja na mwenye kutinda nyusi na mwenye kuchonga mwanya kwa ajili ya urembo. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza chale na alama mwilini. Lakini angalia tunavyozisoma. Tatuu inasimamishwa mlangoni. Nyusi zilizotindwa zinapita na kwenda kukaa safu ya mbele.

Sasa picha.

Mwaka 1994 nilimaliza kidato cha nne. Shule ilikuwa ya bweni, mbali na nyumbani, na kwa miaka minne nilikuwa nimefanikiwa kuwa mtu wa Dar tu, asiye na kabila. Utani wa mabweni mnaujua. Mmakonde katika utani ule alikuwa mlinzi wa usiku na mla panya, na kila alipotajwa nilicheka na wenzangu, kwa sauti kubwa kuwashinda. Siku ya mahafali baba alikuja na Bibi. Alivaa khanga mpya, doti nzima, rangi ya machungwa, na viatu vyeupe vya plastiki alivyovisugua kwa majivu. Mpiga picha alikuwa anazunguka. Marafiki zangu wawili walikuwa wanakuja upande wetu. Nikamwambia mpiga picha, wala sikunong'ona, "Subiri kwanza, Bibi akapumzike kivulini."

Bibi hakuwa amechoka. Alinitazama, akaelewa, akapandisha pindo la khanga mpaka puani, akaenda zake chini ya mwembe. Picha ipo, ninayo: baba, mimi, marafiki wawili na cheti. Nyuma kabisa, kama unajua pa kutazama, kuna doa la rangi ya machungwa chini ya mti. Tangu siku ile hakupigwa picha tena na sisi bila khanga usoni. Hakununa wala kusema neno. Kamera ikitokea, khanga inapanda, basi.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia habari zake kwa namna iliyoniacha mimi msafi. Masikini Bibi, nilikuwa nasema, walimharibu uso akiwa mtoto, hakuulizwa. Ukilisema hivyo kosa linakuwa la mzee fulani wa Newala mwenye kisu, aliyekufa zamani. Mpaka siku moja, uzeeni mwake, tukiwa barazani tunachambua mchicha, nikamuuliza.

"Bibi, uliumia?"

"Niliumia, mume wangu." Ndivyo alivyoniita, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kiume. "Nilishikwa na watu watatu."

"Kwa hiyo walikulazimisha."

Akacheka, khanga mdomoni. "Nililazimisha mimi. Mama alisema ngoja mwakani. Wenzangu wameshachanjwa wote, mimi natembea na uso mtupu kama yai. Nani angenioa?"

Jibu hilo limenisumbua kuliko kama angesema alifungwa kamba. Nusu yake ya kwanza inasema aliamua. Nusu ya pili inasema uamuzi gani huo, wakati mlango mwingine umefungwa? Sisi wa siku hizi tuna swali moja tunalolipenda kwa kila jambo la mwili: alichagua mwenyewe? Akijibu ndiyo tunanyamaza, akijibu hapana tunakasirika. Nami nililiamini swali hilo. Sasa naliona halifiki mbali.

Waliosoma The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1965, wanamkumbuka Muthoni. Baba yake ni mhubiri anayeupinga ukeketaji kwa nguvu zote; Muthoni anatoroka kwenda kwa shangazi yake ili akeketwe. Hakuna anayemburuta. Anataka kuwa mwanamke kwa namna ya watu wake na abaki na Yesu wake vilevile. Kidonda kinaharibika, anakufa. Ukitafuta katika riwaya ile mtu aliyechagua kwa akili zake, dhidi ya mwenye mamlaka juu yake, ni huyu binti, kuliko hata Waiyaki anayezungukazunguka mpaka mwisho. Na bado hakuna msomaji anayefunga kitabu akasema sawa, alichagua.

Swali hilo liliwahi kwenda mahakamani. Mwaka 2017 Dk. Tatu Kamau alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Kenya kuipinga sheria ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji. Hoja yake: mwanamke mtu mzima akiamua mwenyewe, serikali inaingiaje? Sheria ile inasema wazi kwamba ridhaa ya aliyekeketwa si utetezi kwa aliyemkeketa. Machi 2021 majaji watatu waliitupa kesi, na jambo mojawapo lililozingatiwa ni shinikizo la jamii: mwanamke anayeogopa kutengwa, kuolewa kwake kuko mashakani, huwezi kusema amekubali kwa uhuru. (Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inamlinda msichana wa chini ya miaka 18, kwa mtu mzima inanyamaza, na ukimya huo ni aibu yetu.)

Naunga mkono hukumu ile. Lakini hoja ya shinikizo ikiachwa peke yake itatumeza sote. Nani angenioa, alisema Bibi. Nani ataniajiri, nilikuwa najiandaa kumwambia binti yangu. Dada anayejipaka mkorogo usiku, ngozi inawaka moto na zebaki inaingia mwilini, naye anajibu swali la aina hiyohiyo, tena swali tulilomuuliza sisi, kila tuliposema bibi harusi kapendeza, mweupe. Na mimi mwenyewe na tai shingoni mwezi wa Februari, Dar es Salaam, jamani, hiyo ni hiari? Hakuna mtu anayeufanyia mwili wake jambo lolote akiwa peke yake duniani. Daima kuna macho. Tukisema macho ya watu yanabatilisha ridhaa, basi hakuna aliyewahi kuridhia kitu.

Ndiyo maana ninalitafuta swali jingine, na nalileta hapa likiwa bado bichi: alama ile ilimwondolea nini, na ni nani aliyemwondolea? Ukeketaji unaondoa kiungo. Unaacha hatari inayomfuata mwanamke mpaka kwenye uzazi, na akija kubadili mawazo akiwa na miaka 30 hana pa kurudi. Kisu chenyewe kimechukua, hata kama kijiji kizima kinampigia vigelegele. Huo ni upande mmoja. Sasa mtazame Bibi. Nembo zilimchukulia damu na siku kadhaa za uso kuvimba. Baada ya hapo aliona, alikula, aliimba, alilima, alizaa watoto saba, na kwao Newala alipita njiani akijua ni mzuri. Ndonya ni habari nyingine, tusidanganyane: aliniambia ilimsumbua kunywa uji, ilimsumbua kusema baadhi ya maneno, na siku alipochoka nayo aliivua akaitupa, hakumuuliza mtu. Uso mmoja, alama mbili, na hukumu zake hazifanani.

Kilichobaki kuondolewa kwa Bibi kilikuwa haki ya kucheka mdomo wazi. Hiyo hakuipoteza Newala. Aliipotezea Dar es Salaam, kwenye basi, sokoni, na siku ya mahafali ya mjukuu wake. Yule mzee mwenye kisu alimaliza kazi yake miaka ya 1940. Mimi niliifanya ya kwangu mwaka 1994, bila tone la damu.

Ipo simulizi moja mnayoijua, kwamba Wamakonde walichanja nyuso ili wawe na sura mbaya, wafanyabiashara ya watumwa wasiwatake. Inasemwa pia kuhusu watu wengine wengi barani humu, karibu kila penye mdomo uliotobolewa. Nilikuwa naipenda sana. Ilikuwa njia rahisi ya kumtetea Bibi mbele ya wageni: msimcheke, ilikuwa kinga. Nilipomwambia Bibi hadithi hiyo alikasirika. "Sura mbaya? Nani kakwambia ni sura mbaya?" Nikaona nilichokuwa nafanya. Nilikuwa tayari kumpa ujanja, kumpa ushujaa, kumpa hata historia ya utumwa, ili mradi nisikubali jambo dogo analolisema mwenyewe, kwamba yalikuwa mapambo.

Alifariki 2009. Mwaka uliofuata magazeti yaliandika habari ya barakoa ya Kimakonde iliyoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, ikagundulika Uswisi katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva, na hatimaye mwaka 2010 ikarudishwa Tanzania. Mazungumzo ya kuirudisha yalichukua karibu miaka 20. Nilifurahi kama kila Mtanzania. Nilifurahi, halafu nikakumbuka mwembe.

Kwa hiyo binti aliponiuliza picha nilimsimulia yote haya, kwa mara ya kwanza. Akasikiliza. Kisha, kwa kuwa mimi ni baba na sijui kunyamaza, nikaongeza kwamba hata hivyo yeye anachukua kirahisi. Bibi alikuwa na nembo usoni, hakuwa na mahali pa kuificha. Yeye anaiweka mkononi, siku ya usaili atashusha mkono wa blauzi. Bibi alichanjwa ili awe mmoja wa wenzake; yeye anachora ili awe tofauti na wenzake. Ni alama ileile lakini imegeuzwa ndani nje. Nilidhani nimesema jambo zito.

"Sasa Baba," akasema, "mbona unaongea kama vile wewe ndo ulichanjwa?"

Tukaanza kutafuta. Lipo kadi la mpiga kura la mwaka 2005, na hiyo ndiyo mara pekee ninayoijua ambapo mtu alimwambia Bibi ashushe khanga apigwe picha, na akashusha. Picha yenyewe ni kama stempu, na maji yaliingia ndani ya plastiki. Yamebaki macho na kivuli. Mtandaoni binti alipata picha za Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Newala mwaka 1906 akapiga nyuso za wanawake mmoja baada ya mwingine. Ziko wazi, unaweza kuhesabu kila mstari. Huyo alikuja na mawazo ya wakati wake juu ya watu wetu, mengine hayasomeki bila kukunja uso. Ila alitazama. Wale wanawake hawana majina, na hakuna hata mmoja aliye Bibi.

Mwisho tukaenda Mwenge, kwa wachonga vinyago. Tulimpata mzee mmoja, ameketi na gogo la mpingo kati ya miguu. Nilimwamkia, nikamweleza shida yetu, akakubali kutuchorea kwenye karatasi kabla binti hajaipeleka kwa fundi wa tatuu. Akauliza kama mtu anayeandika cheti: mwanamke? Wa Newala au wa ng'ambo ya Ruvuma, wa Mueda? Ukoo gani? Akaanza na paji la uso, nami nikamwelekeza bila kusita, maana paji la uso la Bibi nililiona kila siku ya utoto wangu, juu ya khanga: mistari mitano, wa katikati umeshuka mpaka kati ya nyusi. Kalamu ikapita haraka. Binti akawa anatabasamu.

"Mashavuni?" mzee akauliza.

"Mitatu," nikasema. Halafu nikasema, "Minne." Nikafumba macho nitafute uso wake, nikaona khanga ya machungwa.

Mzee akasubiri, penseli hewani. Binti akanigeukia. "Baba. Mingapi?"

Karatasi ninayo hapa mezani ninapoandika. Juu imekamilika. Kuanzia puani kwenda chini kuna nafasi nyeupe, na pembeni, kwa mwandiko wa binti yangu, ameandika namba ya simu ya shangazi yangu wa Newala na siku ya basi.